Vifuniko vya Jamu

Babu yangu Gwenole alikuwa na mwandiko mzuri,
na mwandiko ndio uliomtoa Kemper hadi Paris
akiwa na miaka ishirini na viatu vya kuazima.
Ikulu ikampa kiti karibu na jiko la makaa,
kalamu sita, chupa ya wino wa zambarau
na onyo moja: mkono unakili, kichwa kilale.

Mkono ukanakili miaka saba.

Kwa Waziri wa Vita: mabuti elfu nne, upesi,
yale ya mwanzo yameozea matopeni Tonkini.
Kwa balozi wetu London: tabasamu, usiahidi.
Kwa Gavana: kodi ya chumvi isipungue,
ila isiitwe kodi; iitwe mchango wa ulinzi.
Kwa mjane wa kapteni: Taifa linalia pamoja nawe.
Barua hiyo ilikuwa na pengo la jina.
Siku moja babu alijaza majina thelathini na moja
kabla ya kengele ya chakula.

Rais hakuwa katili. Babu alilirudia hilo
hata pasipo kuulizwa.
Alikuwa na mafua yasiyoisha na kanari mzee
aliyemlisha mwenyewe kwa ncha ya kidole.
Rasimu aliziandika kwa penseli,
akifuta, akirudia, akifuta tena,
kama fundi anayejaribisha vifungo juu ya koti.

Rasimu zilikuwa za kuchomwa.
Lakini karatasi ya Ikulu ilikuwa nene, nyororo,
na nyumbani bibi Aourken alikuwa na chupa za jamu
zisizo na vifuniko.
Babu akawa anarudi jioni na kurasa ndani ya fulana.
Bibi alizikata duara kwa mkasi wa kushonea,
akazipaka brandi, akazifunga kwa uzi.
Hakujua kusoma. Alijua Kibretoni
na vipimo vya sukari.

Ndivyo vita vilivyoingia kabatini mwetu.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja nilipotumwa
kuteremsha chupa ya plamu kutoka rafu ya juu,
ya mwaka ambao hakuna aliyeukumbuka.
Jamu ilikuwa jiwe. Kifuniko kilikuwa kizima.
Nikakisoma huku nikiizungusha chupa:

vikosi vyetu vimeteketeza kijiji cha Phu Lao

Kijiji kimepigwa mstari mmoja mwembamba,
wa mtu asiye na haraka.
Juu yake: ngome.
Na ukingoni, pale mkasi ulipopita,
waliokufa ni mia mbili na

Babu alikuwa akimenya viazi.
“Ngome,” akasema.
“Hapa pameandikwa kijiji.”
“Pamefutwa.”
Akamaliza kiazi. Akachukua kingine, akakishika tu.
“Yeye alifuta neno moja,” akasema.
“Mimi ndiye niliyeipendezesha barua.”

Barua yenyewe ipo kwenye nyaraka za taifa,
sanduku la kijivu, ukiomba wanakuletea.
Nimeiona. Haina hata doa.
Ile g ya ngome ina mkia wa kujivunia;
wanafunzi huinukuu, maprofesa huitegemea,
na ramani moja imechora hapo mnara mdogo.

Mwaka jana alikuja mwanamke kutoka Hanoi,
Bi. Khuong Diem Thuy, mwenye daftari na kikohozi.
Kwao mama yake ni Phu Lao.
“Hatukuwa na ngome,” alisema. “Tulikuwa na tanuri la vigae.
Labda kwa mbali, moshi wake...”
Hakuimalizia.

Nikamwekea chupa mezani.
Alikaa nayo muda mrefu, miwani juu ya paji,
akifuata mstari wa penseli kwa ukucha
bila kuugusa.
Nilidhani ataniuliza idadi, nami sina,
mkasi ulikwenda nayo na maganda ya viazi.

Aliinua chupa kwenye mwanga wa dirisha.
“Humu ndani ni tunda gani?”
“Plamu.”
“Ah,” akasema. “Kwetu pia zipo.”